Mzunguko wa AFFORGEN na I-94 ya mama: tiketi ikatwe ya mwezi gani?

Mama Nuru, Texas

Ndugu zangu, Asalaam aleikum na habari za huko mliko.

Jana nilirudishwa na ofisi moja ya kambini, safari hii kwa sababu mlezi wa muda mrefu tuliyemwandika katika Fomu 357 (ya mpango wa kulea watoto tukitumwa) ni mama yangu mzazi, ambaye yuko Tanga na ana viza ya B-2, ile ya matembezi. Wengi wenu mnafahamu kwamba mimi na mume wangu sote ni wanajeshi wa anga wa Marekani, yeye fundi wa ndege na mimi niko ugavi, kwa hiyo bila mpango wa malezi uliosainiwa hatuwezi kukaa jeshini. Karani aliweka kidole juu ya anwani ya mama, akaniambia kwamba hawezi kupitisha mlezi aliye ng'ambo ya bahari mpaka aone tiketi yenye tarehe.

Tarehe ndiyo sina. UDM wangu, yaani msimamizi wa kutuma watu kikosini, anasema kikosi changu kinaingia dirishani (miezi ya kuweza kutumwa) Oktoba, na kikosi cha mume wangu vilevile, lakini zaidi ya hapo hasemi. Mama akitua mapema, miezi sita ya I-94, ile rekodi ya kuingia inayoonyesha mwisho wa ruhusa ya kukaa, itaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo na itakwisha kabla hatujarudi. Akichelewa, watoto watabaki na nani? Naomba anayejua anieleze: tarehe za AFFORGEN, mzunguko wa jeshi la anga wa kutuma vikosi, zinashikilia, au nisubiri amri iliyoandikwa ndipo nikate tiketi?

Baba Zawadi, Arizona

Mama Nuru, pole, lakini usihangaike, kwa kuwa utaratibu wa sasa ni rahisi kuliko ule tulioukuta sisi. AFFORGEN ni mzunguko wa miezi 24 uliogawanywa katika awamu nne za miezi sita sita: kikosi kinajipanga upya, kinajiandaa, kinathibitishwa kuwa tayari, kisha kinakuwa katika awamu ya kutumwa. Ukishajua awamu ya kikosi chako, umeijua kalenda yako ya miaka miwili.

Mimi niliingia jeshini wakati wa AEF (vikosi vya anga vya kutumwa kwa zamu) za kwanza, zilizotangazwa mwaka 1998 na kuanza zamu Oktoba 1999. Jeshi lilichoka kuitana kwa dharura kulinda anga ya Iraki, likagawa vikosi vyake katika mafungu kumi, kila fungu likiwa na zamu ya siku 90 katika mzunguko wa miezi 15. Vita vya Afghanistan na Iraki vilipoanza hesabu hiyo haikutosha, na mwaka 2004 zamu ikawa siku 120 katika mzunguko wa miezi 20, na hata hivyo wahandisi, polisi wa jeshi na madereva wa misafara walikuwa wakikaa zaidi. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili nikiwa Al Udeid, Qatar, na habari niliipata kwa simu iliyokatika mara jina lilipotajwa. Ninyi wa leo mna bahati. Kata tiketi ya Septemba.

Binti Kisauni, Illinois

Baba Zawadi, kwa heshima zote, ushauri huo utamtia dada yetu hasarani. Oktoba ni mwanzo wa dirisha. Si tarehe ya kuondoka. Awamu ya kutumwa maana yake ni kwamba katika miezi hiyo unaweza kuitwa, na wapo walioitwa wiki ya kwanza, wapo walioondoka katikati, na wapo waliokaa na mabegi yao mlangoni mpaka awamu ikapita.

Jambo la pili ni kwamba mtu hatumwi kwa sababu kikosi chake kimeingia dirishani, bali kwa sababu nafasi yake katika UTC (msimbo wa kundi la watu na vifaa vya kutumwa) imejazwa dhidi ya hitaji la kamandi ya huko nje. UTC moja inaweza kuwa na watu wengi, nyingine watu wawili tu, na ndiyo sababu kwa miaka mingi kambi moja ya Ghuba ilijazwa na watu mmoja mmoja kutoka kambi nyingi za nyumbani. Mume wangu alifika Ali Al Salem, Kuwait, hamjui hata mmoja wa wale aliokwenda kufanya kazi nao, na huku nyumbani kikosi chake kilibaki na pengo, kazi zile zile zikiwaangukia waliobaki. Ni kwa ajili hiyo wakaleta XAB (kambi ya anga ya kutumwa), ambapo uongozi na sehemu kubwa ya watu hutoka pamoja, kisha mwaka 2024 wakataja kambi za kuunda ATF (vikosi kazi vya anga), zikiwamo Dyess na San Antonio huko kwenu Texas, ili watu wafanye mazoezi pamoja kabla ya kuondoka pamoja. Mama Nuru, umewekwa katika ATF, au bado uko katika orodha ya mtu mmoja mmoja? Jibu linabadilika kabisa.

Bin Shela, North Carolina

Nawasalimu nyote. Ningependa kuongeza kwamba hata amri iliyoandikwa huweza kufutwa na siasa. Mwaka 2024 watawala wa Niger walipotaka Wamarekani waondoke, kambi za Niamey na Agadez zilikabidhiwa kwa Niger kufikia Agosti, na kijana ninayemfahamu, ambaye mama yake alikuwa amekwisha kufika kutoka Nairobi kulea wajukuu, akaambiwa abaki nyumbani. Bibi alikaa siku zake akimpikia mwanawe mahamri kila asubuhi, akarudi zake. Mwanawe alikuja kuitwa baadaye, wakati bibi hana tena ruhusa.

Mimi mwenyewe zamu yangu ilinipeleka Manda Bay, kambi ya pwani ya Lamu nchini Kenya, na sijui kama niite bahati au mtihani. Nimezaliwa Shela, kisiwani Lamu, si mbali na hapo, lakini baada ya shambulio la Januari 5, 2020, lililoua Wamarekani watatu, kutoka nje ya uzio kulikuwa hakuna. Adhana nilikuwa naisikia upepo ukigeuka. Mafundi wa Kikenya waliokuja kutengeneza majenereta walinisemesha Kiingereza, na nilipowajibu Kiamu mmoja wao aliangusha spana. Marehemu bibi yangu alikuwa akiniuliza katika simu niko nchi gani, nami sikuruhusiwa kumwambia kwamba namwona mwenye jahazi anayempelekea samaki. Kuna wanaosema Kenya isingekubali kabisa kambi za wageni, na kuna wanaosema bila hizo al-Shabaab wangekuwa Malindi. Mimi niliyelala pale sijaweza kuchagua upande.

Baba Zawadi, Arizona

Binti Kisauni, UTC naijua tangu hujamaliza shule. Nilichosema ni kwamba mzunguko una mantiki: miezi sita nje kwa miezi kumi na minane nyumbani ni uwiano wa moja kwa tatu, na kamanda hawezi kuuvunja kwa kupenda. Walio Walinzi wa Taifa na wa Akiba wana lengo la moja kwa tano, hivyo asije mtu hapa akachanganya hesabu zao na zetu.

Binti Kisauni, Illinois

Hakuna aliyewataja Walinzi wa Taifa. Na kauli ya kwamba uwiano hauvunjwi ni ya kwenye karatasi, kwa kuwa kuna vibali vya kuuvuka, na wanaovipata zaidi ni wale wenye kazi zenye watu wachache. Fundi wa ndege anakwenda na ndege zake, hivyo tarehe ya mume wa Mama Nuru huenda ikajulikana mapema kuliko ya kwake. Mtu wa ugavi anatakiwa kila penye ghala.

Dada, badala ya kumuuliza UDM awamu, muulize kama jina lako limekwisha kuwekwa kwenye nambari ya nafasi, na tarehe ya kutakiwa kufika kule ni ipi. Hiyo ndiyo tarehe. Ile miezi sita ya I-94 nayo huamuliwa na afisa wa uwanja wa ndege, si na viza, na fomu I-539 ya kuongeza muda huombwa kabla haijaisha. Kisha mama asiandikwe popote kwamba analipwa.

Mama Nuru, Texas

Nashukuruni sana nyote. Nilimuuliza UDM leo asubuhi. Nambari ya nafasi ya mume wangu ipo, Novemba. Yangu haijatoka, na kuhusu ATF yeye hajui lolote. Karani naye amesema sasa anataka pia mlezi wa muda mfupi anayeishi hapa hapa mjini, ambaye si mwanajeshi, na watu wote ninaowajua hapa ni wanajeshi. Je, kuna yeyote katika jumuiya hii aliye San Antonio au karibu yake? Na tiketi, bado sijaelewa: Septemba au nisubiri?

Bin Shela, North Carolina

Mama Nuru, kitindamimba wako ametimiza mwaka? Kama bado, mama aliyejifungua haitwi mpaka miezi 12 ipite, tangu mwaka 2015, na huenda Oktoba hiyo haikuhusu wewe kabisa.