Wakuu, stenlesi kwenye kabonati ya moto uzito unapanda halafu unashuka, nisaidieni

Kijana wa Sakina
Habari zenu wakuu, niko masters hapa Arusha, nasoma kutu ya vyuma ndani ya chumvi ya kabonati iliyoyeyushwa, nachanganya ya lithiamu, sodiamu na potasiamu ambazo zikiwa pamoja zinayeyuka kwenye nyuzi 397 hivi, wakati ya sodiamu peke yake inataka 851. Nazamisha vipande vya stenlesi aina ya 316L kwa nyuzi 650, nikitoa naosha na maji ya moto napima. Vya saa 100 vimeongezeka uzito, vya saa 300 vimepungua, na chumvi imegeuka njano! Kwenye hivyo vya 300 umeme ulikatika mara mbili. Supavaiza anataka grafu wiki ijayo, sina raha kabisa.

Fundi Majengo (Moshi)
Dogo si utumie magadi ya Ziwa Natron tu, kabonati hiyohiyo na bei chee

Dada Maabara
Kaka Fundi hapana, magadi yana kloridi ndani, hiyo inaitafuna stenlesi kivyake, hatajua kilichokula chuma ni nini.

Mdogo wangu, hapo kuna mambo mawili yanaenda pamoja. Chuma kinashikana na lithiamu na oksijeni kinajenga gamba, uzito unapanda. Kromu iliyomo kwenye stenlesi nayo inatoka inaingia kwenye chumvi kama kromati, ndo hiyo njano, uzito unashuka. NA KROMATI INALETA KANSA, vaa glovu, usimwage kwenye sinki hata tone, nakuomba sana. Umeme ukikatika chumvi inaganda, gamba linapasuka linabanduka, kwahiyo vya saa 300 rudia. Mizani peke yake haitoshi, kata kipande, kizamishe kwenye resini (ile gundi inayoganda), sugua mpaka king'ae, pima gamba kwenye maikroskopu.

Halafu maji ya moto acha. Kabonati ya lithiamu inayeyuka zaidi kwenye maji baridi, ulikuwa unapima na chumvi juu yake.

Mzee Tengeru
Na kabonidayoksaidi unapitisha juu ya chumvi? Bila hiyo kabonati inaachia gesi yake taratibu inabaki oksaidi, chumvi yenyewe inabadilika tabia.

Kijana wa Sakina
Shikamoo mzee, sijapitisha, nitatafuta mtungi. Dada asante sana aisee, maji ya moto nimeyatumia miezi mitatu. Vile vya saa 100 vinaokoleka?

Dada Maabara
Osha na maji baridi, kausha, pima, rudia mpaka uzito usibadilike tena. Ila kimoja kiache bila kuosha, hicho ndo ukakate.