Mrejesho: fimbo ya kuvulia iliyovunjika imeungika
Ndugu zangu, niliwauliza kama fimbo yangu ya faibaglasi, iliyovunjika katikati nilipokuwa nikivua perege katika bwawa la Hombolo, inaweza kutengenezwa, na nawashukuru kwa dhati mlionionya nisiifunge kwa utepe pekee. Fundi baiskeli wa hapa Dodoma alisawazisha ncha zilizopasuka kwa msasa, akapenyeza ndani yake kijiti kigumu cha faibaglasi kilichopita sentimita 5 kila upande, akapaka gundi ya epoksi, kisha akazungushia uzi wa nailoni kwa mkazo. Tuliiacha saa 24, kwa kuwa gundi hiyo ikilemewa kabla haijakauka huachia. Sasa inapinda vizuri, ingawa palipoungwa pamekuwa pagumu zaidi. Kipete cha juu, yaani pete ya nchani ambamo mshipi hupita, kilichokuwa na mkwaruzo, nilikibadilisha pia, maana kingeendelea kuukata mshipi.