Nimeitwa usaili mara ya tano kwa kazi ya mapokezi, niende au niachane nao?

Mtoto wa Chake: Assalaam aleikum wadau. Niliomba kazi ya mapokezi hoteli moja kule Nungwi. Mara ya kwanza walinisaili kwa simu, sawa. Ya pili nikavuka: boti kutoka Mkoani, Pemba, nikashuka Malindi ya Unguja, nikapanda gari ya 116, nikaonana na meneja. Ya tatu watu watano meza moja, mmoja wa jikoni! Mmoja anauliza, wanne wanachezea simu. Ya nne mhasibu, naye: "Hebu tueleze habari zako." Hilo nshalijibu mara tatu. Jana wananambia nivuke tena, mwenye hoteli anakuja. Nauli zote natoa mie.

Bint Karafuu: Yarabi! Yote hayo kwa kuwapa wageni funguo?

Nipo Paje: Usiidharau kaunta, dada, mgeni akikasirika anaanzia hapo. Ila mara tano ni kukutesa. Mie naajiri. Napiga simu dakika ishirini, kisha namwita mtu siku moja tu. Anasailiwa na mkuu wa idara na mmoja wa watakaokaa naye zamu. Maswali tunagawana kabla, na kila mtu anaandika alama zake kabla hatujaanza kubishana. Halafu tunamsimamisha kaunta, mmoja wetu anajifanya mgeni aliyefika saa nne asubuhi, chumba hakijafagiliwa. Hapo utamjua mtu! Hata Google, walipochunguza takwimu zao za kuajiri, waliona kusailiwa mara nne kunawapa uhakika wa asilimia 86, na kila mara ya ziada inaongeza kiduchu tu. Na wale wanatafuta mainjinia.

Sheha Mstaafu: Mwanangu, usisuse. Hao hawakushindwa kukujua wewe, wameshindwa kukubaliana wao kwa wao. Wapigie, uliza kwa adabu: nani mwenye kauli ya mwisho, na ataniuliza lipi jipya? Kama ni huyo mwenye hoteli, basi nenda, lakini mwambie meneja aidha mzungumze kwa video au watoe nauli.

Mtoto wa Chake: Shukran mzee. Nimepiga. Eti mwenye hoteli hana swali, anataka kuniona tu. Video hataki. Nauli wamekubali, na imeshaingia kwenye simu sasa hivi.

Ya kwenda tu.