Spika za kilo 22 kwenye dari ya jipsamu, kenchi za paini: nishike wapi?

MwanaForest

Wakuu habari za jioni. Nina jozi ya spika za sebuleni za njia tatu, wufa (spika ya bezi) inchi 12, kila moja kilo 22 kwenye mizani. Boksi ni la MDF, urefu sm 60, upana 35, kina 30. Kuna watoto wadogo nyumbani, kwa hiyo nataka zitoke sakafuni zipande juu, moja kila kona ya mbele ya sebule.

Nyumba iko Mbeya mjini, ni ya bati. Kenchi ni za paini, taibimu (mbao ya chini ya kenchi, ile iliyolala) ni 2x4 na zimeachana sm 120. Chini yake kuna branda (mbao nyembamba za kushika dari) za 2x2, halafu jipsamu ya mm 9. Kutoka sakafuni hadi dari ni mita 3. Fundi amekuja na ndoano nne za skrubu, anasema atazizungusha kwenye branda na kazi imeisha.

Naombeni kujua: branda zitabeba? Kama hazibebi, nishike wapi? Na boksi lenyewe nilikamate vipi, maana halina sehemu ya kufungia?

KenchiNaPapi

Mkuu, mzuie fundi asipande ngazi. Branda hazibebi.

Angalia jinsi branda ilivyoshikwa: msumari umepigwa kutoka chini kwenda juu, ukaingia kwenye taibimu. Uzito wote unaoning'iniza hapo unauvuta msumari utoke kwa njia ileile ulioingilia, na huko ndiko msumari ulikokuwa dhaifu kuliko kote. Pili, mbao nyingi za huku zinatoka Mafinga zikiwa bado mbichi. Msumari uliopigwa kwenye mbao mbichi hupoteza sehemu kubwa ya kushika kwake mbao ikishakauka. Branda imewekwa ibebe jipsamu tu, uzito uliotawanyika dari nzima. Ukiweka kilo 22 mahali pamoja, tena zinazotikisika kila bezi inapopiga, msumari utashuka polepole. Utaanza kuona ufa kwenye maungio ya jipsamu, na siku moja branda itakuja na spika yake.

Kanuni ya kazi hii ni moja: mzigo ukae JUU ya mbao, usining'inie kwenye skrubu wala msumari. Fanya hivi kwa kila spika:

1. Panda darini. Kanyaga taibimu tu, jipsamu haikubebi. Zima umeme kwanza, nyaya za taa hupita humo bila mpangilio.

2. Kata vipande vinne vya 2x4, kila kimoja sm 150. Mbao ya futi 12 inatoa viwili, kwa hiyo mbao mbili kwa spika moja, nne kwa zote.

3. Vilaze jozi mbili zikivuka taibimu mbili, kila kipande kikisimama kwa ubavu wa inchi 2, ncha zikipita taibimu kwa sm 15 kila upande. Kati ya vipande viwili vya jozi acha nafasi ya mm 12. Weka kijipande cha mbao kila ncha ili visianguke kwa ubavu, kisha vifunge kwenye taibimu kwa skrubu. Skrubu hizo zinazuia kusogea tu, hazibebi kitu.

4. Rodi ya M10 (unene mm 10), ile iliyokatwa nyuzi mwanzo hadi mwisho, ipite kwenye ile nafasi ya mm 12. Juu weka bamba la chuma la mm 75 kwa 75, unene mm 6, halafu nati mbili zinazobanana. Nati moja peke yake hufunguka kwa mtikisiko.

Hesabu ya urefu: jipsamu mm 9, branda 50, taibimu 100, 2x4 iliyosimama 100. Jumla karibu mm 260. Ongeza bamba, nati na kichwa cha kushika chini, unapata mm 320. Rodi ya mita moja inatoa vipande vitatu, na vitatu ndivyo unavyohitaji: viwili mbele, kimoja nyuma. Jozi ya mbele inabeba rodi mbili, ya nyuma inabeba moja.

5. Chini ya jipsamu weka nati ya pete iliyofuliwa kwa nyundo, yenye alama ya M10 na uzito. Ile ya kiwango inabeba kilo 230 ikivutwa wima. Ya M8 ni kilo 140. Usinunue ndoano ya waya uliokunjwa ambayo mdomo wake haujafungwa, hiyo hufunguka taratibu bila kukatika.

Tundu kwenye jipsamu lifanye mm 14, rodi isiguse. Ikigusa utasikia dari inalia "zzz" kwenye bezi na utadhani wufa imepasuka.

Taibimu usiikate, usiichonge, usiitoboe. Ndiyo maana nimekupa njia isiyohitaji tundu la rodi hata moja kwenye kenchi, ni zile skrubu za kuzuia kusogea tu.

Dj_Soweto

Kuna plagi za jipsamu zenye mabawa, ukiingiza yanafunguka juu. Hizo si zinatosha? Kazi ya dakika kumi.

KenchiNaPapi

Ndugu, zile ni za vitu vyepesi, kama fremu ya picha au rafu ndogo. Bawa linakaa juu ya jipsamu, na jipsamu ya mm 9 ni unga uliobanwa kati ya karatasi mbili. Ukivuta kwenda chini mfululizo, bawa linapasua. Hata lisipopasua, bodi yenyewe imeshikwa na vichwa vya skrubu ambavyo hupenya karatasi. Kwa spika ya kilo 22 kwenye dari, hapana kabisa.

ChumaIpogolo

Kamwene wakuu. Mkuu hapo juu amemaliza upande wa mbao, mimi niseme boksi.

Usitoboe MDF ukaweka pete juu yake. MDF haina nyuzinyuzi ndefu kama mbao, ni nyuzinyuzi fupi za mbao zilizobanwa kwa gundi. Skrubu ikivutwa kwa kunyooka inatoka na kipande. Tena hewa ya boksi la spika imepangwa kwa makusudi, na tundu jipya linaharibu bezi.

Tengeneza kitanda cha chuma ambacho boksi linakaa ndani yake. Engolaini (chuma cha umbo la L) ya inchi 1 kwa 1, unene mm 3. Vipimo vya ndani ongeza sentimita moja: 36 kwa 31. Mstatili wa chini mita 1.34, wa juu mita 1.34, nguzo nne za sm 60 ni mita 2.4. Jumla mita 5.1, na engolaini nzima ni mita 6, kwa hiyo moja kwa kila spika. Chuma hicho kina kilo 1.1 kwa mita, yaani unaongeza kilo 5.6. Mzigo wako sasa ni kilo 28, wala si 22. Watu husahau hapa, wananunua vifaa kwa uzito wa spika tupu.

Upande wa nyuma usichomelee. Fungia vipande vyake kwa bolti za M8 ili boksi liingizwe kwa nyuma. Usikubali fundi achomelee spika ikiwa ndani: cheche zinaunguza veneva na sumaku ya wufa inavuta vumbi la chuma hadi kwenye koili. Mbele chini acha mdomo wa flatibaa (chuma bapa) wa sm 3, kwa sababu spika itainamishwa na bila mdomo itateleza. Pigilia mpira wa tairi la baiskeli kila chuma kinapogusa boksi. Redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) kwanza, rangi baadaye.

Pete za kufungia mnyororo zichomelewe kwenye mstatili wa juu: mbili mbele, moja katikati nyuma. Zipime zilingane na rodi za dari, mnyororo ushuke wima. Ukivuta kwa mshazari, pete inabeba kidogo sana kuliko uzito ulioandikwa juu yake.

Mnyororo mm 6, pete zake zimechomewa, si zilizokunjwa tu. Unganisha kwa shakeli (kiungo cha U chenye pini) na pini uifunge kwa kawaya, isizunguke ikatoka. Zile klipu za rangirangi za kubebea funguo ziache dukani.

SautiSafi_Tukuyu

Kabla hujachomelea, fikiria sauti, maana ukishafunga hutarudi kirahisi.

Dari yako ni mita 3, boksi sm 60, mnyororo tuseme sm 15. Ukiiweka kama ilivyo sakafuni, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) itakuwa karibu mita 2.7, na anayekaa kwenye kochi ana sikio mita moja hivi. Igeuze kichwa chini. Twita inashuka hadi kama mita 2.3, na spika haijali imekaa vipi. Chini ya boksi bado unabaki na mita 2.2, mtu mrefu anapita.

Kisha inamisha. Tofauti ya kimo ni mita 1.3, kochi likiwa mita 3.5 mbele unahitaji nyuzi 20. Pete za mbele na nyuma zikiachana sm 28, mnyororo wa nyuma uwe mfupi kuliko wa mbele kwa karibu sm 10. Keti kwenye kochi, mwenzako asogeze pete moja moja hadi maneno ya mtangazaji yasikike makavu.

Kona ni adui. Kuta mbili na dari kwa pamoja zinakusanya bezi hadi inakuwa mvumo mtupu. Acha angalau sm 50 kutoka kila ukuta. Ikibaki nzito, ziba tundu la bezi la boksi, kama lipo, kwa sponji na punguza bezi kwenye amplifaya.

Waya: kwa mita 12, spika ya omu 8 inatosheka na mm² 1.5. Ya omu 4 weka 2.5. Upitishe ndani ya paipu la umeme la plastiki kwa sababu ya panya, na usiulaze sambamba na waya wa umeme. Ukilazimika, uvuke kwa pembe mraba. Weka alama ya chanya ncha zote mbili kabla ya kupanda. Spika moja ikigeuzwa chanya na hasi, bezi inapotea katikati ya sebule na utailaumu kona bure.

MwanaForest

Ndaga fijo wakuu, hapa nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Mawili yamebaki. Kona moja iko upande wa kuchi ya bati, pale bati linaposhukia ukutani, nimechungulia, nafasi ni finyu mno, siwezi kufika na mbao. Na mama watoto anauliza: mnyororo ukikatika je?

KenchiNaPapi

Kuhusu kona: bati linaposhukia ukutani mtu hawezi kujipenyeza. Njia mbili. Vuta spika zote mbili ndani kwa sm 60 hadi 80, ambako ushauri wa sauti nao unakupeleka. Au fungua bati moja kwa juu, fanya kazi, urudishe na vifuniko vipya vya mpira kwenye misumari. Hiyo ya pili ifanye kiangazi. Kuanzia Novemba usiguse bati.

Ukisogea ndani, tafuta mahali ambapo nguzo ya kenchi inaungana na taibimu. Hapo taibimu haipindi. Katikati ya nguzo mbili ndipo inapolegea.

Na usiweke spika juu ya kochi, kitanda wala mlango. Kila ulichofunga fikiria kimeshindwa, kisha uangalie nani angekuwa chini.

ChumaIpogolo

Shemeji ameuliza swali kubwa kuliko yote. Jibu ni waya wa usalama: waya wa chuma uliosokotwa wa mm 4, unaopita chini ya kitanda chote na kuzungushwa juu ya taibimu yenyewe. Usiufunge kwenye rodi wala pete ileile ya mnyororo, maana kikikatika kimoja vyote vinakwenda. Klipu tatu kila mwisho, zikiachana mara sita ya unene wa waya, yaani sm 2.4. Tandiko la klipu likae upande wa waya unaobeba, kile kiuno cha U kikae upande wa ncha fupi. Ukigeuza, U inaukata waya unaobeba.

Usiuache umelegea. Piga hesabu: kilo 28 ikianguka sm 30 kisha ikasimamishwa ndani ya sm 2, mvuto unafika kama kilo 450. Ikianguka sm 3 tu, ni kilo 70. Waya uleule na taibimu ileile, tofauti ni ulegevu.

Kwa Mbeya hili ni la lazima. Tuko kwenye bonde la ufa. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilifikia ukubwa wa 7.4, na Desemba 2009 Karonga ya Malawi, ng'ambo tu ya mpaka, ilitikiswa kwa wiki kadhaa. Spika inayoning'inia itabembea, kwa hiyo isiwe na ukuta, pazia wala taa ndani ya sm 15.

Kabla ya kupandisha spika, jaribu. Ning'iniza mifuko miwili ya saruji, kilo 100, kwenye pete zote tatu kwa masaa 24. Vuta uzi ukutani hadi ukutani chini ya dari na upime kabla na baada. Dari ikishuka zaidi ya mm 3 au isirudi ulipoondoa mifuko, mbao zako hazijakaa sawa juu ya taibimu.

MwanaForest

Nimeagiza mbao na engolaini. Nati nizikague kila baada ya muda gani?

KenchiNaPapi

Baada ya wiki mbili, kisha mwisho wa Agosti. Baridi ya Juni na Julai na upepo mkavu wa baada yake vinanyonya maji ya paini, 2x4 inasinyaa milimita kadhaa na nati zinahitaji kukaguliwa. Kaza nati ya chini kwanza, halafu uibane kwa ya juu. Rudia Agosti ya mwaka unaofuata. Mbao ikiwa imekauka kabisa utakuta haijasogea. Ukiweza, nunua mbao zilizokaa kivulini miezi kadhaa badala ya zile zinazoshushwa kwenye lori zikiwa bado zinatoa utomvu.

SautiSafi_Tukuyu

Ukipanda kukaza, bonyeza na kila waya kwenye spika. Skrubu za terminali nazo hulegea kwa mtikisiko, na waya wa shaba unaogusa upande wa pili unaweza kuua amplifaya.