Maji yametoka ndani, mama anataka kurudi kulala nyumbani. Nimzuieje?

Mmatandu
Wakuu, habari zenu. Mimi niko Dar, mama yangu yuko Kilwa, kijiji cha jirani na mto Matandu. Taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuhusu Kimbunga Hidaya tulikuwa tunazifuatilia tangu mwanzo wa mwezi huu wa Mei 2024. Tarehe 4 kikafika kisiwa cha Mafia, tukaambiwa kimeishiwa nguvu, nikampigia mama nikamwambia Mungu mkubwa, kimepita. Kumbe kwao mvua ilikuwa bado. Usiku maji yaliingia ndani mpaka usawa wa kitanda. Alitoka na wajukuu wawili na godoro moja, wakakimbilia shuleni, kwenye mwinuko.

Sasa maji yamepungua, naye amechoka kulala darasani. Anataka kurudi kesho. Nyumba ni ya miti, imekandikwa udongo, juu bati. Anasema haina hata ufa. Tena ufuta wake uko ng'ambo ya korongo, kila nikipiga simu ananiambia anakwenda kuutazama. Barabara ya kusini imekatika kule Somanga, sina namna ya kufika haraka. Ni mama yangu, siwezi kumfokea. Nimwambie nini?

Fundi Mbagala
Pole sana mkuu. Asilale humo kesho, hata kama ukuta unaonekana mzima. Maji yakiwa ndani na nje yanausukuma ukuta pande zote mbili. Yakishatoka, ule udongo umelowa, mzito, na chini umelainika. Ukianza kukauka unanywea na kuachia fito. Mimi nimeona kuta zikianguka siku ya tatu, ya nne, jua linawaka.

Tafuta kijana pale kijijini afukue kidogo kwenye nguzo za pembe, achome kwa panga. Panga likizama kama kwenye muhogo uliooza, nguzo hiyo imekwisha. Zikiwa nzima, wabandue udongo uliolowa, fito zibaki wazi zipigwe upepo, wakandike upya baadaye. Na wakati wa kutoa vyombo, watoto wakae mbali.

Nesi wa Zamu
Kisima je? Kama mafuriko yamepita juu yake, basi na ya vyooni yameingia humo. Kipindupindu hakingoji. Wayatoe maji yote, wakwangue tope, bwana afya wa kata awatilie klorini. Kwa sasa maji ya kunywa wayaache yatuame, wachuje kwa kitambaa safi, kisha wachemshe. Wajukuu wakianza kuharisha, wapewe maji ya chumvichumvi (ORS) na wapelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kaka Mkubwa
Mlete Dar tu, yaishe.

Wa Lindi
Kaka Mkubwa, ufuta ndio mwaka mzima wa mama yule, na mavuno yameshabisha hodi. Huwezi kumng'oa hivihivi. Lakini korongoni asiende. Matandu unaleta maji kutoka Liwale. Kwenu jua, huko juu imenyesha, maji yanakuja ghafla. Maji ya magoti yanayokwenda kasi yanambeba mtu mzima. Na akikwambia haijawahi kutokea, wazee wetu Lindi wanakikumbuka kimbunga cha 1952.

Binti wa Pwani
Ndugu yangu, usimkataze wewe. Mama hapokei amri ya mwanawe kwenye simu. Kama ana kaka yake pale, mjomba wako ndiye aende akakae naye, aseme yeye. Wewe tuma hela ya fundi kupitia kwa mjomba, na umuombe mama awachunge wajukuu wasiingie ndani. Hilo atalishika.

Mmatandu
Ahsanteni sana. Mjomba amekwenda leo asubuhi na panga. Kwenye nguzo mbili za upande wa mtoni panga limezama. Amemwonyesha mama kwa macho yake, amekubali kulala kwa mjomba mpaka zibadilishwe. Ufuta atautazama mpwa wangu mkubwa, maji yakishuka kabisa. Nesi, bwana afya hajapatikana bado, wanachemsha.