Mjadala: Mwanafunzi apewe sifuri kwa sababu programu imesema insha ni ya AI?

Wadau, mwalimu mwenzetu ametoa hoja kwamba kila insha ya chuo ipitishwe kwenye programu ya kukagua, na ikionekana imeandikwa na akili mnemba (AI), mwanafunzi ale sifuri bila mjadala. Nafundisha uandishi hapa Dar es Salaam, na hoja hiyo naipinga.

Sitetei wizi. Ukiweka jina lako kwenye kazi ya mwingine umeiba, iwe umekopi kitabuni, umemlipa mtu wa steshenari akuandikie ripoti ya utafiti, au umeiachia akili mnemba kama ChatGPT. Tena hao wa steshenari walikuwepo muda mrefu kabla ChatGPT haijatoka Novemba 2022, na tuliwafumbia macho.

Ninachokataa ni ushahidi. Aliyekopi ulikuwa unamwekea kurasa mbili mezani, yake na ya yule aliyemkopi, anakosa la kusema. Programu hizi hazikuonyeshi chanzo chochote. Zinapima jinsi maneno yanavyotabirika, kisha zinakisia. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa ya kwao Januari 2023, wakaiondoa Julai mwaka huohuo kwa kukosa usahihi. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu programu saba kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ziliitwa kazi ya mashine! Wanafunzi wetu ni akina nani kama si hao? Kiingereza chao ni cha darasani, na misamiati ni ileile waliyokariri tangu kidato cha kwanza.

Muhula uliopita programu ilimtia hatiani binti mmoja. Nikamwita. Akatoa daftari lenye rasimu, mistari imekatwakatwa, pembeni kaandika Kiswahili pale Kiingereza kilipomgomea. Kijana mwingine programu ilimsafisha. Nilipomwuliza aya yake ya pili inasema nini, hakuweza kunieleza hata sentensi moja.

Mtasema madarasa yamejaa, nani atawahoji wote? Ni kweli. Basi insha kadhaa ziandikwe darasani kwa kalamu, na maswali ya "jadili umuhimu wa elimu" tuyaache. Mwanafunzi atumwe akaongee na wauza nyanya wa Ilala, aandike alichoambiwa.

Na wewe unayetaka sifuri: mwanafunzi akikata rufaa, utaipelekea kamati nini zaidi ya hiyo asilimia iliyotolewa na programu?