Namaliza uzamivu wa jenetiki ya bakteria: nianze lini kutafuta postidoki?

PampuYaSeli
Wakuu, habari zenu. Niko mwaka wa mwisho wa uzamivu. Nafanyia kazi usugu wa dawa kwa bakteria Klebsiella pneumoniae, hasa AcrAB-TolC, pampu ya protini inayotoa dawa nje ya seli, na jeni ya ramA inayoichochea. Makala moja imeshatoka nikiwa mwandishi wa kwanza, nyingine iko kwa wapitiaji. Msimamizi anasema nitetee tasnifu kwanza, habari za postidoki, yaani kazi ya utafiti baada ya uzamivu, zitafuata. Mimi naona nachelewa. Halafu roho yangu iko kwenye faji, virusi wanaoshambulia bakteria, ila sijawahi kuwashika, kwa hiyo kila tangazo la maabara ya faji nalisoma na kulipita. Mnanishauri nini?

MzeeWaPetri
Kwa kifupi: nafasi za Ulaya zitafute kwenye tovuti ya EURAXESS, na tovuti ya Nature Careers ina za nchi nyingi. Jisajili uwe unaletewa taarifa kwa barua pepe.

BiPlasmidi
Mdogo wangu, usisubiri. Nafasi inayotangazwa mara nyingi ina ruzuku tayari, na swali la utafiti ameshaliandika mkuu wa maabara. Si vibaya, wengi tumepitia hapo. Ila ipo njia nyingine, ya kwenda na ufadhili wako na swali lako, na hiyo ina muda wake. EMBO, shirika la biolojia la Ulaya, wanapokea maombi mwaka mzima, lakini isiwe imepita zaidi ya miaka 2 tangu upate shahada, na wanataka makala ya mwandishi wa kwanza, ambayo unayo. Wakfu wa Humboldt wa Ujerumani wanakuruhusu kuomba hadi miaka 4 baada ya shahada. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya unafika 8, ila katika miezi 36 iliyotangulia uwe hujaishi zaidi ya miezi 12 kwenye nchi unayokwenda. Kwa Marekani, NIH (taasisi za taifa za afya) wana ufadhili wa F32, ambao ni wa raia na wakazi wa kudumu tu. Ufadhili wao mwingine, K99/R00, unapokea na wageni walioko huko. Masharti hubadilika, soma ya mwaka husika. Ufadhili wa kwenda na swali lako unataka maabara iwe imekubali kukupokea kabla hujaomba, kwa hiyo barua unaiandika sasa, tasnifu ikiwa bado mezani.

Sasa faji, maana hapo umenigusa. Unajiona mgeni kwao wakati umekaa mlangoni pao. Tafuta makala ya 2016 kuhusu faji OMKO1 anayeshambulia bakteria Pseudomonas aeruginosa. Makala hiyo inasema faji huyu hujishikiza kwenye OprM, sehemu ya nje ya pampu zinazotoa dawa. Bakteria akiibadilisha OprM ili amkwepe faji, pampu yake inadhoofika na dawa zilizokuwa zimeshindwa zinaanza tena kumdhuru. Kwa E. coli kuna faji TLS anayeingia kupitia TolC. TolC, mdogo wangu! Protini unayoamka nayo kila siku.

Klebsiella ana ugumu wake: kapsuli nene, yaani gamba la sukari linalomfunika. Faji wake wengi huanza kwa kuimeng'enya kapsuli yenyewe, na bakteria mara nyingi hujiokoa kwa kuacha kuitengeneza. Je, aliyepoteza kapsuli anaiacha TolC wazi kwa faji wa pili? Na ramA ikiwa juu, yaani ikifanya kazi kupita kawaida, pampu zikiwa nyingi, faji huyo anapata milango zaidi? Maabara ya faji inajua kukuza faji na kuhesabu madoa yao kwenye sahani. Mutanti wa ramA, yaani bakteria waliobadilishwa jeni hiyo, na mkono wa kuzipima hizo pampu unao wewe. Mwandikie mkuu wa maabara hayo, aya mbili, uambatanishe wasifu. Usipoteze sentensi ya kwanza kumsifia maabara yake.

Kabla hujakubali popote, zungumza kwa simu na watu wawili waliokwisha kuondoka pale. Waulize jambo moja: waliondoka na kazi yao, au ilibaki? Mimi nilikuwa nimeshaipenda maabara moja, mtu akaniambia kila mradi unabaki na mkuu. Sikwenda.

Mwanajenomu
Mimi ni mkuu wa maabara ndogo, naunga mkono. Barua za maombi ninazopokea, nyingi zingeweza kutumwa kwa mtu yeyote. Ninayoijibu siku hiyohiyo ni ile inayoniuliza kitu kuhusu data yangu. Kijana, ongeza jambo moja: sema wazi kwamba faji hujawahi kuwashika na ungependa kujifunza nini kwanza. Hilo halikupunguzii chochote, postidoki ni mafunzo. HFSP, mfuko wa kimataifa wa utafiti wa sayansi ya uhai, wao hasa wanatafuta watu wanaohama eneo la utafiti.

PampuYaSeli
Asanteni sana. Dada BiPlasmidi, nimeisoma ya OMKO1 jana usiku. Nimeandika hivi: "Nina mutanti wa Klebsiella, wengine wenye ramA iliyo juu na wengine iliyofutwa, wenye kapsuli na wasio nayo. Ningependa kujua ni wepi faji wenu wanaweza kuwaingia." Inatosha kwa kuanzia? Na msimamizi nimwambie sasa?

BiPlasmidi
Inatosha, ongeza tu jinsi ulivyothibitisha kwamba ramA imefutwa. Msimamizi mwambie kabla hujatuma, kwanza utahitaji barua yake ya mapendekezo, pili mutanti hao ni mali ya maabara yake, na ruhusa ya kuwasafirisha anaitoa yeye.